Mkamaji wa Konokono

Hebu niambie, wewe ukipewa konokono mkononi ukaambiwa umkame, ungeanzia wapi? Hana chuchu, hana miguu ya kufunga kamba, hana ndama wa kuwekwa kando ili ashushe maziwa. Ana gamba tu, limechongoka upande mmoja na kupanuka upande wa pili kama pia ya kuchezea, lina madoa ya kahawia yaliyopangika vizuri kiasi kwamba mtu asiyemjua angemtia mfukoni ampelekee mtoto. Na akimtia mfukoni, nyumbani hafiki.

Somoe Mfaume alikuwa akimjua. Miaka ishirini na miwili alikama konokono wa baharini katika Nyumba ya Maziwa pale Mikindani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchoma, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kumharakisha. Konokono huachwa na njaa siku saba. Siku ya nane, asubuhi, kabla jua halijapasha maji, Somoe huketi kwenye kigoda chake mbele ya beseni, amevaa glavu za mpira zinazofika kwenye viwiko. Mkono wa kulia kashika kichupa kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa mpira, na juu ya utando kaweka mkia wa samaki aliyekuwa hai dakika moja iliyopita. Anakisogeza taratibu. Konokono ananusa. Kwenye ncha ya gamba unachomoza mkonga mwekundu, mwembamba kama unyasi, unapapasa maji huku na huku mpaka unagusa mkia. Hapo jino lenye ncha kama chusa linatoboa utando, na ndani ya kichupa linaanguka tone. Tone moja kwa siku nane, jeupe, lenye ukungu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele.

Watu waliliita maziwa. Ilikuwa ni sumu.

Somoe aliishia darasa la saba, lakini kazi ya sumu ile aliielewa barabara. Siku mwanawe Zaituni alipowekewa kisanduku cha kumdondoshea sumu hiyo mwilini, akiwa na miaka kumi na miwili, daktari alimkalisha mama chini akamweleza kwa mfano wa mtaa. Seli za neva ni nyumba zilizopangana, alisema, na kila nyumba ina vilango vidogo vidogo. Ukiungua mguu, vilango vya sodiamu vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo. Vya potasiamu vinafuata, potasiamu inatoka. Na msukumano huo unakimbia ukutani kama habari ya msiba. Mwisho wa nyumba kuna mlango wa kalsiamu. Huo ukifunguka ndipo nyumba inapomwaga habari kwa jirani, na jirani kwa jirani, hadi kichwani. Maziwa ya konokono yanatia kigingi kwenye mlango huo wa mwisho, pale ndani ya uti wa mgongo. Mguu unaendelea kuungua. Habari inakimbia, inafika, inabisha hodi, inabisha tena. Hakuna anayeipokea.

Zaituni alizaliwa na selimundu. Miaka kumi na miwili ya mwanzo alilia mpaka sauti ikakauka, na Somoe alijifunza kumtofautisha anayelia magoti na anayelia kifua hata akiwa chumba cha pili. Kisanduku kilipowekwa kiunoni, chini ya ngozi, na mrija wake mwembamba ukaingizwa mgongoni, mtoto alilala saa kumi na nne. Tangu siku hiyo hakuguna. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye aliyekaa kwenye dirisha la kujazia, akiwajazia watu visanduku vyao kila Ijumaa, maana mji mzima ulikuwa umeshavaa: wapasua mawe, wachuuzi, walimu, wazee wa viuno, wajawazito.

*

Mwezi ule joto la maji liliua nusu ya konokono. Bwana Chilumba, msimamizi wa Nyumba, alikuja na fimbo nyembamba ya kioo akaiweka mapajani mwa Somoe.

"Bi Somoe, mabeseni ya kusini umeyaona?"

"Nimeyaona. Magamba matupu."

"Na visanduku elfu mbili na mia tatu vinangoja. Kuanzia leo mtawachokoa."

"Konokono hachokolewi, Bwana Chilumba."

"Anachokolewa. Ukimchokoa gambani anatoa matone matano mahali pa moja, na huhitaji kumlaza njaa siku saba. Kesho unamchokoa tena."

"Matone matano ya nini?"

"Ya sumu, mama. Au wewe miaka yote hii ulidhani ni maziwa kweli?"

Wakamaji wawili wa beseni la pili wakacheka. Somoe hakucheka. Alimwinua konokono mmoja kwa koleo akamgeuza mdomo juu.

"Huyu ana mrija mmoja, lakini ghala mbili. Sumu ya huku mbele ni ya kuwindia, anaitoa akiwa na njaa na moyo wake umetulia. Ya huku nyuma ni ya kujihami. Hiyo haimtaki samaki, inamtaka mtu anayemwonea. Inakwenda kufunga milango mingine, ile ya misuli. Ya kope, ya ulimi, ya mbavu zinazovuta pumzi."

"Chujio litaitoa."

"Chujio lilifundishwa kwa sumu ya mbele. Hii ya nyuma halijawahi kuionja."

"Basi litaionja leo." Bwana Chilumba akapunguza sauti, na alipoendelea hakuwa akimkejeli tena. "Sikiliza, dada. Ukikataa wewe, nitamweka mwingine asiyejua hata huo mrija. Na tukikataa sote, Ijumaa ya pili mji huu utaanza kulia. Watu elfu mbili. Wa kwako yumo."

Somoe alichokoa. Lilitoka tone lisilo na ukungu hata kidogo, la kunata, likining'inia kama ute wa yai. Matano, kama alivyoambiwa.

Jioni ile, chupa ya kwanza ilipotoka kwenye chujio, alichukua kidogo kwa ncha ya sindano akakitia kwenye bakuli lenye samaki mdogo. Samaki aliogelea. Baada ya muda mkia ukalegea. Matamvua yake, yakifunguka na kujifunga, yakaanza kuchelewa, yakachelewa zaidi, kisha yakasimama, na samaki akabaki wima majini kama anafikiri. Hakutapatapa. Somoe alimpelekea Bwana Chilumba bakuli.

Bwana Chilumba alitazama bakuli, akatazama kipimo cha chujio. "Kipimo kinasema safi. Na huyu samaki ana uzito gani, Bi Somoe? Mtu ana uzito gani?"

Somoe alirudi kwenye kigoda chake akakaa mpaka wenzake wakaondoka. Njia zilikuwa mbili tu, na zote alizipita hadi mwisho kichwani. Akienda kusema sokoni, Nyumba ingefungwa siku hiyo hiyo. Visanduku vingekauka, na Zaituni angerudi kwenye kile kitanda, akiuma mto, safari hii mtu mzima mwenye kujua kilichoondolewa na kilichorudi. Akinyamaza, watu wangevuta pumzi nusu kwa wiki kadhaa, pengine wengi wao wasidhurike, mpaka maji yapoe na konokono wazaliane. Pengine. Neno hilo alilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi.

Kisha akaona njia ya tatu. Pembeni kulikuwa na beseni dogo lenye konokono kumi na mmoja ambao hakuna aliyewahesabu. Akalifunika kwa gunia. Hao hakuwachokoa. Aliwalaza njaa, aliwapa mkia wa samaki, aliwangojea kwa zamu, na kila wiki matone yao, yakishazimuliwa kwa maji ya dawa, yalimpa chupa moja, wiki nyingine moja na robo, ya sumu nyeupe yenye ukungu. Chupa hiyo ikishachujwa aliifunga uzi wa buluu shingoni.

"Yenye uzi ni yako," alimwambia Zaituni. "Usijaze nyingine."

"Ina nini?"

"Nimeisomea Yasini."

Zaituni alicheka, akambusu mama yake shavuni. "Mama na dua zake," akasema.

*

Ijumaa ya tatu, Somoe alisimama nyuma ya dirisha la kujazia akisaidia kupanga chupa. Kwenye foleni alikuwamo Bi Asumini, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane asiye na mtoto, mwenye saratani ya mifupa na mdomo usiokaa kimya.

"Shikamoo, Bibi," Zaituni akasema.

"Marahaba, mke mwenzangu. Nifungulie hapo kiunoni unijaze, nina mchumba ananingoja Mtwara."

"Mchumba gani anayemngoja bibi wa miaka sabini na tisa?"

"Huyo huyo babu yako. Kaburini hana shughuli nyingine."

Foleni ikacheka. Zaituni alimwinamia bibi, akamtazama usoni, akanyoosha mkono si kwenye kreti ya chupa za watu wote bali kwenye chupa yake iliyokuwa na uzi. "Leo nitakujazia hii, Bibi. Mama kaisomea Yasini. Umekonda, ikusaidie."

Kiganja cha Somoe kilishuka juu ya mkono wa mwanawe kabla yeye mwenyewe hajajua kimetoka wapi.

"Hiyo ni yako," akasema.

"Mama, ni dua tu. Mimi nitajaza ya kwenye kreti."

"Nimesema ni yako. Dua imetajiwa jina lako."

Bi Asumini alimtazama Somoe, na katika macho yake hapakuwa na chochote ila uvumilivu wa mtu mzee anayeona foleni imesimama kwa ajili yake. "Muache mama yako, mjukuu wangu. Dua ya mtu haigawiwi kama karanga. Nipe ya watu wote."

Zaituni akamjazia ya watu wote. Kwa mikono yake, taratibu, akimpigapiga mgongoni mpaka kisanduku kikalia mlio wa kujaa.

*

Visanduku vilikuwa vimeleta desturi moja mjini, na vijana waliidhani ni ya tangu enzi. Kila magharibi, kabla sahani haijawekwa mkekani, watu walikaguana. Asiyesikia maumivu anaweza kukanyaga msumari asubuhi akautembelea mchana kutwa, anaweza kuegemea jiko akanukia nyama choma kabla hajageuka. Basi mke alikagua nyayo za mume, ndugu alikagua mgongo wa ndugu, kwa taa, kidole kwa kidole, na mtu asiyekaguliwa alionekana hana watu. Bi Asumini hakuwa na watu. Kwa hiyo Zaituni aliruka kijiukuta kila jioni akamkagua.

Jumatano ile Somoe aliwaona kwa juu ya ukuta. Zaituni alikuwa amepiga magoti, taa mkononi, akigeuza nyayo za bibi.

"Nyayo safi. Mgongo safi. Viwiko safi. Mbona kope zimekuangukia hivyo, Bibi?"

"Usingizi," Bi Asumini akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka kama yametafunwa. "Nimechoka kuwa mzuri."

"Hakuna kidonda popote."

"Basi mimi mzima."

Zaituni akazima taa. Mji mzima ulikaguana jioni ile, na kope zilikuwa zimeanguka katika nyumba nyingi, na kila nyumba ilitafuta kidonda, haikukiona, ikala chakula chake. Walikuwa wamesahau kwamba mtu anaweza kuharibika bila kuchubuka. Somoe peke yake ndiye aliyekuwa akihesabu pumzi. Alisimama nyuma ya ukuta, akamsikiliza bibi akivuta, akangoja, akamsikiliza akivuta tena, na kati ya pumzi na pumzi aliweza kumaliza kusoma alhamdu nzima. Alifungua mdomo. Mwanawe alikuwa pale, hatua nne kutoka kwake, amejaa afya, anavaa viatu vyake. Somoe akafunga mdomo, akaingia ndani kupakua wali.

Asubuhi Bi Asumini alikutwa kitandani, macho nusu, bila kasoro mwilini. Waosha maiti walisema hawajapata kuosha maiti safi kama ile.

Wengine wawili walifuata kabla ya Jumapili.

*

Siku ya tatu ya matanga, baada ya alasiri, majirani walifungua madirisha kutazama kuna mnyama gani. Ilikuwa sauti ya chini, inayotoka tumboni, inanyanyuka na kukatika. Wadogo hawakuwahi kuisikia, na wakubwa waliisikia kama mtu anavyosikia lugha aliyoiacha utotoni. Somoe aliijua tangu akiwa njiani. Alitupa kikapu akakimbia.

Zaituni alikuwa sakafuni chumbani, amekunja magoti, fulana imelowa jasho. Kando yake palikuwa na ufunguo mdogo wa dirisha la kujazia, ule unaofungua na kufunga visanduku.

"Nimekifunga," akasema. "Tangu jana asubuhi."

"Umefunga nini? Lete ufunguo."

"Usiniguse, Mama." Alivuta pumzi kwa meno. "Jana nilichukua bakuli. Nikaweka samaki wawili. Mmoja nikamtilia iliyobaki kwenye chupa ya uzi. Mmoja nikamtilia ya kwenye kreti."

Somoe alikaa chini mlangoni.

"Wa kreti alikufa ametulia," Zaituni akasema. "Kama Bibi. Yasini gani hiyo, Mama?"

"Zaituni mwanangu. Unaumwa. Nipe ufunguo, tufungue, tuzungumze ukiwa umepoa."

"Nitazungumza hivi hivi. Mikono iliyomjazia ni yangu. Nilimpigapiga mgongo. Wewe ulisimama hapo."

"Chilumba ndiye aliyeamuru. Nilimwambia, nilimpelekea bakuli mimi mwenyewe, akaniambia kipimo—"

"Sijakuuliza aliyeamuru."

"Wangemweka mtu mwingine. Asiyejua kitu. Angechokoa wote, hata wale kumi na mmoja niliowafunika gunia."

"Sijakuuliza wangemweka nani."

Maumivu yakaja tena, Somoe akayaona yanavyokuja, yakipanda kutoka kwenye paja hadi nyonga, palepale yalipokuwa yakipanda zamani, na mikono yake ikanyanyuka yenyewe kwenda kuyakanda. Zaituni aliisukuma. Aliguna kwa muda mrefu, paji la uso limeegemea saruji, na Somoe akangoja mkono hewani, hajui auweke wapi. Nje dirisha moja lilifungwa.

Yalipopungua, Zaituni aligeuza uso. Macho yalikuwa mekundu, kope zake nyepesi na hai.

"Miaka kumi na minne sijaumwa," akasema. "Nimesahau kwamba ni hivi. Sitajifanya ni kidogo. Saa hizi ukiniuliza Bibi arudi au huu mguu uache, sijui ningejibu nini, na hilo nalo umenipa wewe. Kesho nitakwenda sokoni na bakuli. Nitawaambia wafunge visanduku, na watalia wote, na mimi nitalia nao. Lakini kwanza nataka kitu kimoja. Usiniambie walichotaka Nyumba. Ulitaka nini wewe? Uliponishika mkono pale dirishani."

"Nilitaka upone."

"Sikuwa mgonjwa. Bibi ndiye aliyekuwa mgonjwa."

"Nilitaka muda. Maji yapoe, konokono wazaliane, wote wapate."

"Mama."

Somoe alitazama mikono yake, akaiweka magotini.

"Alipokuja kwenye foleni nilimhesabu," akasema. "Hana mtoto. Hana wa kumlilia. Nikasema, huyu anafaa. Sikuomba waokoke wote, Zaituni. Hata siku moja sikuomba hilo. Nilitaka zamu yako iende kwa mtu mwingine, na nilipoona ni yeye, nilifurahi."